Kutuma Fimbo za Pool Ng'ambo: Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya Kamati ya Mikopo katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Mbezi Beach)



Risala imekwisha kusomwa, hesabu za mfuko mmezisikia, na harufu ya pilau mnaisikia pia. Kwa hiyo hatutawachosha. Kamati ya Mikopo imepewa nafasi hii izungumzie jambo moja lililozua maneno mengi katika vikao vyetu vya Jumamosi, nalo ni biashara ya kutengeneza na kutuma fimbo za kuchezea pool kwa wanunuzi wa nchi za nje.

Tunajua wapo waliocheka tulipotangaza mada hii. Mama mmoja alisema kwa sauti, "Jamani, pool ni mchezo wa baa. Sisi akina mama na fimbo za baa wapi na wapi?" Tulicheka naye. Lakini tukumbuke kwamba wanachama watatu wameleta maombi ya mkopo kwa kazi hiyo hiyo. Wana waume na watoto wanaokereza na kuchonga mpingo pale Mwenge, mwendo wa daladala moja tu kutoka hapa. Na fedha wanazoomba si za Kamati. Ni jasho la muuza samaki, la mama lishe, la mwenye genge na la mwalimu mstaafu. Kila mmoja wetu ana haki ya kuielewa kazi hii kabla hajanyoosha mkono kukubali au kukataa.

Neno letu kubwa ni hili, mengine yote ni maelezo yake: katika biashara hii mti peke yake haukupi fedha. Kinachokupa fedha ni kitu kilichokamilika, chenye karatasi zake, kilichofungwa vizuri. Anayetuma kipande kighafi anampelekea mwenzake faida, na hatari anabaki nayo yeye.

MCHEZO HUU NA SISI TUNAJUANA ZAMANI

Msidhani kwamba pool imetufikia juzi tu na meza za baa. Barabara hii inayopita hapa juu yetu inakwenda Bagamoyo. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka bara ilikuwa ikiishia Bagamoyo. Watu walizibeba mabegani miezi na miezi. Kutoka hapo pembe zilivushwa kwa majahazi hadi Unguja, na Unguja zikapakiwa merikebuni kwenda Bombay, London na Marekani. Wamarekani walifunga mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi wao mdogo akafika Unguja.

Pembe hizo zilikwenda kufanywa nini? Nyingi zilikwenda jimbo la Connecticut, ambako kuna mji uliopewa jina la Ivoryton kwa ajili ya pembe, zikafanywa vibao vya piano. Na nyingine zilifanywa mipira ya biliadi, ambayo ndiyo mama yake pool. Pembe laini ya Afrika Mashariki ilisifiwa sana kwa kazi hizo. Pembe ilipoanza kuwa ghali na adimu, kampuni ya Phelan na Collender ya Marekani iliahidi mwaka 1863 zawadi ya dola 10,000 kwa atakayegundua kitu cha kufanyia mipira badala ya pembe. Hapo ndipo John Wesley Hyatt alipohangaika mpaka akapata seluloidi, moja ya plastiki za kwanza duniani.

Sasa tujiulize. Mbebaji aliyeitoa pembe bara alipata nini? Na aliyeikereza ikawa mpira unaong'aa alipata nini? Jibu mnalo. Ndovu walikwisha, mabega yalichubuka, na utajiri ulijengwa kule kulikokuwa na mashine ya kukereza. Leo tunao mpingo. Tusirudie safari ile ile kwa mzigo mwingine.

FIMBO YENYEWE NI KITU GANI

Kwa wale ambao hawajawahi kuishika, fimbo ya pool ina urefu wa kama sentimita 147 na uzito wa gramu 500 hadi 600. Fimbo nzuri hufunguka vipande viwili kwa skrubu. Kipande cha mbele ni chembamba, kina ncha ya ngozi inayopakwa chaki. Kipande cha nyuma ni kinene, ndicho kinachoshikwa. Kipande cha mbele hutengenezwa kwa mbao nyepesi na zilizonyooka, kama mepo ya Marekani Kaskazini au mti wa eshi, na hizo kwetu hazioti. Kipande cha nyuma ndipo mpingo wetu unapoingia. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, ni mgumu, na ukisuguliwa unang'aa wenyewe bila rangi. Ndio huo huo unaotengenezewa klarineti, obo na zumari za Waskoti.

Mpingo hukua polepole. Mti wa kufaa kuvunwa huchukua miaka 70 au zaidi. Tena ndani yake mna nyufa na mipindo, kwa hiyo katika gogo zima, kinachopatikana kisafi cha kutengenezea ala za muziki ni chini ya sehemu moja katika kumi. Mwanangu akiharibu kipande kimoja kwenye mashine, ameharibu kitu ambacho bibi yake mzaa bibi alikiacha porini kikiwa mche.

Kwa hiyo mafundi wetu wazingatie mambo matatu.

Kwanza, ukavu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Fimbo itakapofika katika nyumba ya Ulaya yenye joto la mashine wakati wa baridi, mbao itakauka zaidi, itasinyaa, na kama haikukaushwa vizuri itapasuka au itapinda. Kipande kikatwe, kipakwe nta kwenye ncha zote mbili, kiwekwe kivulini penye hewa, kikae miezi, kikerezwe kidogo, kikae tena. Haraka haraka haina baraka, na hapa msemo huu ni ufundi kabisa.

Pili, unyoofu. Fimbo iviringishwe juu ya kioo kipana. Ikirukaruka, haiendi ng'ambo. Iuzwe hapa hapa kwa bei yake.

Tatu, ukweli. Wote tunajua mchezo wa kupaka kiwi mbao nyeupe ikaitwa mpingo. Mtalii anayepita anaweza kudanganyika. Mtengenezaji wa fimbo atakayeikwangua kwa kisu hadanganyiki, na akikugundua mara moja, atawaambia wenzake wote. Hali kadhalika msikubali kutuma fimbo ya zamani yenye mapambo ya pembe ya ndovu, hata akija mtu na bei ya kupendeza. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoomba marufuku hiyo.

KARATASI

Hapa tunaomba utulivu kidogo, na watoto wale wapunguze kelele.

Ukitaka kutuma mpingo nje, unakutana na sheria za aina tatu: ya kwetu, ya mataifa yote, na ya anakokwenda mzigo.

Ya kwetu ni Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, na msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Magogo ghafi ya miti ya asili hayaruhusiwi kutoka nje ya nchi. Mbao halali ina alama ya nyundo, ina risiti ya malipo ya serikali, na ina hati ya kusafirishia, ile tunayoiita TP. Fundi wako anaponunua mpingo, mwombe nakala. Akikuambia "aah mama, hii ni ya jamaa yangu," acha hiyo mbao hapo hapo. Na kabla ya kutuma kitu chochote cha mbao nje, nenda TFS ukaulize kibali gani kinatakiwa kwa mzigo wako. Kuuliza si ujinga.

Tena mpingo halali upo. Kule Kilwa, misitu ya vijiji ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mti ukivunwa kule, fedha inaingia kijijini, kwa akina mama wenzetu wanaotaka zahanati na kisima kama sisi. Mnunuzi wa Ulaya akiambiwa habari hiyo kwa karatasi, anaielewa haraka.

Ya mataifa yote ni mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea inayohitaji kulindwa. Jamii nzima ya mpingo, ambayo wataalamu huiita Dalbergia, iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo, na masharti yakaanza tarehe 2 Januari 2017. Maana yake si kwamba ni marufuku kuuza. Maana yake ni kwamba mzigo uwe na kibali cha CITES. Halafu mwaka 2019 nchi wanachama zililegeza kidogo: bidhaa zilizokamilika, ambazo mbao yake ya jamii hiyo haizidi kilo 10 kwa shehena moja, hazihitaji kibali hicho. Masharti hayo mapya yalianza tarehe 26 Novemba 2019.

Sikilizeni hapo vizuri, maana ndipo penye riziki. Neno ni zilizokamilika. Fimbo nzima, iliyosuguliwa, yenye ncha yake, ya kutolewa kwenye boksi na kuchezewa, hiyo imekamilika. Kipande cha mraba cha kwenda kukerezwa na mtu mwingine hakijakamilika, hata kiwe kimoja, na kinahitaji kibali. Tuchukue hesabu: hata tukifanya kwamba fimbo yote ya gramu 600 ni mpingo mtupu, fimbo 16 ni kilo 9 na gramu 600. Ziko ndani ya kilo 10. Kwa hiyo sheria yenyewe inampendelea anayemaliza kazi nyumbani. Ni mara ngapi sheria ya dunia imempendelea fundi wa Mwenge?

Msidhani mtakwepa kwa kubadili mti. Mninga na mkongo nazo ziliingizwa katika Kiambatisho hicho hicho kwenye mkutano wa Panama mwaka 2022, kwa magogo, mbao za kupasuliwa na nyinginezo. Kila mti na sharti lake, kwa hiyo tuulize kwanza.

Ya tatu ni sheria ya anakokwenda mzigo. Marekani wana Sheria ya Lacey, ambayo tangu mwaka 2008 inamkamata mtu anayeingiza mti uliokatwa kinyume cha sheria ya nchi ulikotoka. Yaani uhalifu wa porini kwetu ni uhalifu bandarini kwao, na mnunuzi anaogopa kama unavyoogopa wewe. Upande wa kodi, nchi za Umoja wa Ulaya tangu tarehe 1 Julai 2021 hutoza kodi ya ongezeko la thamani hata kwa kifurushi cha bei ndogo. Marekani nao, tarehe 29 Agosti 2025, walisimamisha msamaha wa ushuru uliokuwa ukitolewa kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800. Kwa hiyo mwelewane na mnunuzi kabla: nani analipa ushuru? Msipoelewana, mzigo utafika, ataukataa mlangoni, na gharama ya kurudi itakuwa juu yako.

YALIYOMPATA MWENZETU

Mama mwenzetu mmoja ametupa ruhusa tuyaseme haya, ila jina lake libaki ndani ya daftari.

Alikopa katika mfuko huu, akanunua mpingo, mwanawe akaupasua vipande vya mraba vya kutengenezea vishikio vya fimbo za pool. Mnunuzi wa ng'ambo alikuwa ameviagiza hivyo hivyo, vighafi. Wakala mmoja wa mizigo akamwambia, "Mama usihangaike, hizo ni mbao tu, mimi natuma kila wiki." Akachukua ada yake, hakutoa risiti, na kwenye fomu akaandika kwamba ni vinyago. Mzigo ulizuiwa, baadaye ukataifishwa. Mnunuzi akanyamaza. Simu ya wakala ikawa haipatikani tena mpaka leo.

Mwenzetu akaacha kuja Jumamosi. Akawa anapita njia ya chini, karibu na bahari, asikutane na wadhamini wake. Mmoja wa wadhamini hao anauza samaki wa kukaanga, na hisa zake alikuwa amezitengea ada ya mtoto anayeingia kidato cha kwanza. Mnaelewa uzito wake. Katiba yetu ilikuwa inaruhusu tuchukue hisa za wadhamini, na wapo waliosema sheria ni msumeno, ukate mbele ukate nyuma.

Tulimfuata nyumbani. Tulikaa naye kwenye mkeka mpaka adhana ya magharibi. Tulikubaliana aongezewe muda, alipe kidogo kidogo. Alikaanga vitumbua kila alfajiri kwa miezi kumi na minne. Alilipa yote, na mdhamini hakutolewa hata senti ya hisa zake. Yule mtoto leo yuko kidato cha tatu.

Lakini tuangalie kilichomuumiza. Wizi ni wizi, na wakala yule Mungu atamwuliza. Lakini tulipotaka kumsaidia kudai, hatukuwa na karatasi hata moja yenye jina la wakala, wala sahihi, wala mhuri. Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu tuliuandika ukutani siku ya kwanza ya kikundi chetu, na hatujapata siku iliyouthibitisha kama ile.

KUFUNGA NA KUTUMA

Fimbo ni kitu kirefu na chembamba, na adui yake ni kupigwa katikati na kugongwa kwenye ncha. Kila kipande kivingirishiwe kwenye karatasi laini, kisha povu. Kofia ya plastiki ifunike skrubu na ncha ya ngozi. Vyote viingie ndani ya bomba gumu, la plastiki au la karatasi nene, na ncha zote mbili zijazwe ili visichezecheze. Ukilitikisa bomba ukasikia kitu, fungua uanze upya. Kwa mzigo mkubwa wa kreti, mkumbuke kwamba kreti la mbao ngumu kwa nchi nyingi lazima liwe limechomwa joto la nyuzi 56 hadi kiini cha mbao, kwa dakika 30, na lipigwe mhuri wa kimataifa, ili wadudu wasisafiri nalo.

Kuhusu Posta: kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, pakiti ndogo isiyozidi kilo 2 haitakiwi kuzidi sentimita 60 kwenda upande wowote. Lakini ikiwa ya mviringo kama bomba, inaweza kufika sentimita 90, mradi urefu ukijumlishwa na kipenyo mara mbili visizidi sentimita 104. Fimbo inayofunguka katikati ina vipande vya kama sentimita 74. Bomba la sentimita 80 lenye kipenyo cha 8 linaleta 96. Inapita! Fimbo ya kipande kimoja haipiti. Na Waingereza wengi hupenda fimbo inayofunguka robo tatu, ambayo kipande chake kirefu kinazidi mita moja. Hiyo itakwenda kama kifurushi kikubwa au EMS, kwa bei nyingine. Muulizeni mnunuzi fimbo yake inafunguka wapi kabla hamjamtajia bei.

Makampuni ya ndege ya kusafirisha vifurushi yana hesabu yao. Hupima uzito, halafu hupima pia nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wakagawa kwa 5,000. Kinachozidi ndicho unachotozwa. Boksi la 80 kwa 8 kwa 8 ni kama kilo moja tu. Ukichukua boksi la 80 kwa 15 kwa 15 kwa sababu ndilo lililokuwepo dukani, utatozwa kilo 3 na gramu 600, na fimbo ni ile ile. Boksi baya linakula faida yote.

Kwenye fomu ya forodha, iwe CN22 au CN23, andikeni ukweli: fimbo ya biliadi, imekamilika, mbao Dalbergia melanoxylon, uzito, thamani, nchi ya asili Tanzania. Namba ya ushuru ya vifaa vya biliadi ni 9504.20. Mnunuzi akikuomba uandike "zawadi" ili akwepe kodi, mkatalie kwa heshima. Mzigo ukipotea utadai thamani ya zawadi gani? Risiti yenye namba ya kufuatilia, ile ya herufi mbili, tarakimu tisa na TZ mwishoni, ipigwe picha siku hiyo hiyo na iletwe kwa Katibu.

MALIPO

Hapa ni maneno machache. Hakuna kukereza bila malipo ya awali yanayotosha kununulia mbao na kipande cha mbele. Hakuna kutuma kabla salio halijaingia benki, na kuingia maana yake benki yenyewe imethibitisha. Picha ya hati ya benki iliyotumwa kwa simu si fedha. Na akitokea mnunuzi aliyelipa zaidi kwa hundi, akaomba umrudishie chenji, huyo ni tapeli. Hundi itarudi baada ya chenji yako kuondoka.

MAPENDEKEZO YA KAMATI

Wanachama wenzetu, mkutano mkuu ni Jumamosi ijayo. Maombi matatu yapo mezani. Moja ni la yule mama wa vitumbua. Safari hii ameleta nakala ya TP, ameleta barua ya mnunuzi ya fimbo nzima zilizokamilika, na ameleta bomba lenyewe tulipime. Wapo watakaosema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na wapo watakaosema aliyeumwa ndiye anayejua nyoka anakaa wapi. Kamati inapendekeza hivi:

1. Mfuko usikopeshe kwa kutuma vipande vighafi vya mpingo, mninga wala mkongo, hata faida itajwe kubwa kiasi gani.

2. Mkopo wa fimbo utolewe kwa oda iliyokwisha kulipiwa sehemu, na utolewe kwa awamu: mbao kwanza, kumalizia baadaye, usafiri mwisho.

3. Nakala za karatasi zote, kuanzia TP hadi risiti ya Posta, zikae katika faili la kikundi. Wakala asiyetoa risiti yenye jina na mhuri asipewe mzigo wa mwanachama.

4. Wanaofanya kazi hii wanunue pamoja vipande vya mbele na mabomba, ili bei ipungue, na waangalie fimbo za wenzao kwenye kioo kabla hazijafungwa.

5. Mwanachama aanze na fimbo chache, zifike, mnunuzi aseme zimefika zimenyooka, ndipo aombe mkopo mkubwa zaidi.

Hatuwaahidi utajiri. Soko la fimbo za mikono ni dogo, wateja wake ni wachaguzi, na viwanda vikubwa vinatoa fimbo za bei nafuu ambazo hatuwezi kushindana nazo. Tunachoweza ni kutoa chache, nzuri, za mti wetu, zilizofanywa na watoto wetu, zenye karatasi safi. Miaka kumi iliyopita tulikuwa tunaogopa hata kuacha sanduku la fedha kwa mtu mmoja, tukaweka kufuli tatu na funguo kwa mama watatu. Karatasi hizi tunazozidai leo ni kufuli zile zile, ila sanduku sasa linasafiri mbali.

Kamati haina kura zaidi ya mwanachama mwingine. Tumesema yetu, uamuzi ni wenu. Njooni Jumamosi, saa kumi kamili, si saa kumi ya harusi, na kila mmoja aje na daftari lake.

Kikundi chetu kidumu!